Si Mvivu: Dalili za Mwenye Shida ya Kujifunza

Katika darasa nyingi yuko mwanafunzi ambaye wenzake humwita mvivu au mjinga. Mimi nilianza shule Muyinga na sasa nasoma Gitega, na mahali pote pawili nimemwona. Napenda kuwaeleza kwa nini mara nyingi majina hayo ni ya uongo.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14. Macho yake yalikuwa mazima na tarakimu alizisoma upesi, lakini maneno yalimshinda. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewapita wenzake wote. Shida hiyo leo yaitwa disleksia. Ziko pia shida ya kuandika na shida ya hesabu. Mwaka 1963, huko Chicago, Samuel Kirk alizipa jina moja: ulemavu wa kujifunza. Chanzo chake ni jinsi ubongo unavyofanya kazi, wala si uchawi wala malezi mabaya. Na mara nyingi hufuata ukoo.

Dalili zake ni hizi:

Kwanza, asoma polepole mno, au abahatisha neno kwa kutazama herufi ya kwanza tu.

Pili, amekwisha pita miaka 8, naye angali akichanganya b na d.

Tatu, aandika neno moja kwa namna nyingi katika ukurasa mmoja. Neno la Kirundi imbwa huwa mara imba, mara ibwa.

Nne, hesabu ya 6 na 3 bado aifanya kwa vidole, hali wenzake wameacha zamani.

Tano, akiulizwa kwa mdomo ajibu vizuri, lakini daftari lake li tupu. Hii ndiyo ya kuangaliwa sana.

Lakini tusiharakishe kuhukumu. Mrundi aandikaye kurara badala ya kulala hana ulemavu; Kirundi hutumia r mahali pa l. Tena sisi twajifunza lugha 4: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Asomaye Kirundi vizuri akashindwa na Kifaransa tu, shida yake ni ugeni wa lugha. Akishindwa na Kirundi pia, lugha ya mama yake, hapo yafaa tufikiri. Kwanza apimwe macho na masikio, na tuulize habari za njaa na malaria. Wataalamu hutaka dalili zidumu angalau miezi 6, hata baada ya kusaidiwa.

Mtoto asiyetambuliwa hurudia darasa, akarudia tena, mwisho akaacha shule. Hakukosa akili, alikosa njia.

Njia hizo si za gharama. Mwalimu aweza kugawa maneno kwa silabi, u-mwa-na, kufundisha hesabu kwa maharagwe, kumwongezea muda, na kumwuliza kwa mdomo. Nasi wanafunzi tunayo kazi yetu: asomapo kwa kukwama tusimcheke, na jioni tumsomee maswali, yeye atoe majibu. Labda tutashangaa ni nani anayemfundisha mwenzake.