JE, YADI 5 ZAWEZA KUSHINDA YADI 8?

Makala haya yametokana na ubishi. Muhula uliopita mimi na mwenzangu wa darasa tulitazama kwenye simu fainali ya kandanda ya Kimarekani ya Februari 2023, Kansas City Chiefs dhidi ya Philadelphia Eagles. Chiefs walihitaji yadi 8. Refa akawapa penalti ya yadi 5, na mara wakaanza hesabu upya! "Huo ni wizi," nikasema. Mwenzangu akacheka, tukawekeana mandazi mawili. Mandazi yenyewe nilinunua mimi, na hiyo ndiyo karo ya somo hili.

Kwanza msingi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne, kila moja likiitwa dauni, ili isogee mbele yadi 10. Ikizifikisha, hupata dauni ya kwanza, yaani majaribio manne mapya. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kwa hivyo "dauni ya tatu na yadi 8" maana yake ni jaribio la tatu, na zimebaki yadi 8.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba penalti ni hesabu ya yadi tu. La hasha! Mlinzi akikosa, kuna maswali mawili: mpira usogezwe yadi ngapi, na je, kosa hilo lina dauni ya kwanza ndani yake? Katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, kumshika mpokeaji asiye na mpira ni yadi 5 pamoja na dauni ya kwanza papo hapo. Kuvuka mstari kabla mpira haujaanzishwa ni yadi 5 vilevile, lakini zawadi hiyo haimo. Jaribio hurudiwa tu. Basi kwenye dauni ya tatu na yadi 8, mlinzi akivuka mstari inakuwa dauni ya tatu na yadi 3. Akimshika mpokeaji, inakuwa dauni ya kwanza. Yadi ni zile zile, matokeo ni mbingu na ardhi.

Kwa nini basi? Hebu fikiria ni dauni ya tatu na yadi 15. Kama adhabu ya kushika ingekuwa yadi 5 pekee, mlinzi yeyote mjanja angeshika jezi kila mara, maana bado zingebaki yadi 10.

Turudi kwenye fainali. Matokeo yalikuwa 35 kwa 35, zimebaki dakika zisizotimia mbili. James Bradberry wa Eagles akamshika JuJu Smith-Schuster, na pasi ikapotea. Bila penalti ile, Chiefs wangepiga teke la pointi 3 mapema na Eagles wangepata muda wa kujibu. Badala yake Chiefs walikula muda. Jerick McKinnon hata alijiangusha makusudi karibu na mstari wa mwisho badala ya kufunga! Zikisalia sekunde 8, Harrison Butker akapiga teke, ikawa 38 kwa 35. Bradberry mwenyewe alikiri baadaye kwamba alishika.

Lakini usizibebe sheria hizi kila mahali. Katika NFL, mlinzi akimzuia mpokeaji kinyume cha sheria wakati pasi iko hewani, mpira huwekwa pale alipokosea, na dauni ya kwanza hutolewa. Katika shule za upili za huko, tangu 2013, kosa hilo ni yadi 15 bila zawadi. Dauni ya tatu na yadi 20 itakuwa dauni ya tatu na yadi 5. Vijana wa umri wetu wamebaniwa kweli!

Juzi mwenzangu akanijaribu tena: "Dauni ya tatu na yadi 5 kamili, mlinzi amevuka mstari. Je?" Akatabasamu akijua nitasema jaribio hurudiwa. Nikamjibu ni dauni ya kwanza. Kosa lenyewe halina zawadi, bali yadi 5 zimefikisha mpira panapotakiwa. Siku hiyo mandazi alinunua yeye.