Wingu Lililo Ardhini: Mafunzo ya Mwaka 2024

Neno "wingu", kama linavyotumiwa na wataalamu wa kompyuta, halihusiani na anga. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, yaliyojengwa ardhini, na wenye nayo hukodisha nguvu za kompyuta hizo kwa watu walio mbali. Kampuni ya Amazon iliianza biashara hiyo mwaka 2006. Mteja hulipia kiasi alichotumia, kama alipiavyo umeme. Ilikuwa rahisi kusahau kwamba majumba hayo yapo mahali fulani. Mwaka 2024 ulikumbusha, hasa mwezi wa Mei.

Mwanzoni mwa mwezi huo, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipoteza mfumo wake. Kosa katika upangaji wa huduma iliyokodiwa kwa Google liliifuta huduma hiyo, pamoja na nakala iliyokuwa katika eneo la pili la kampuni hiyo hiyo. Kwa takriban wiki moja wanachama hawakuweza kutazama akaunti zao. Miongoni mwa vilivyousaidia mfuko kurejea ni nakala iliyowekwa kwa kampuni nyingine kabisa. Funguo mbili katika mnyororo mmoja hupotea pamoja.

Tarehe 12 Mei zamu ikawa ya Afrika Mashariki. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa imedhoofika tangu Februari, mikongo kadhaa ilipoharibika katika Bahari ya Shamu. Yafaa wanafunzi wa fizikia walitazame jambo hili kwa hesabu. Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa kasi ya takriban km 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama km 7,500 kwa mstari mnyoofu. Kwenda na kurudi si chini ya milisekunde 75. Hadi Johannesburg, km 2,500, ni milisekunde 25. Ndiyo maana vituo vilivyofunguliwa Afrika Kusini na Microsoft (2019), Amazon (2020) na Google (2024) vilipokewa kwa furaha, na kwa haki. Lakini mikongo ilipokatika, ukaribu wa ramani haukufaa kitu. Data ya jirani ilibidi ifuatwe kwa kuzunguka.

Siku kumi baadaye, Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kituo huko Olkaria, Kenya, kwa umeme wa jotoardhi. Mahali palipochaguliwa paeleza mengi kuliko tangazo lenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati limekadiria kuwa vituo vya data vilitumia takriban saa-terawati 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na kwamba mwaka 2030 vitakaribia 945, akili bandia ikiwa sababu kubwa. Yatarajiwa basi kwamba vituo vitaufuata umeme, kama viwanda vya nguo vya Uingereza vilivyofuata mito, kisha makaa ya mawe. Bonde la Ufa lina joto hilo. Mikongo ya njia mbalimbali bado yahitajika.

Lililo gumu kutabiri ni nani atapewa umeme kwanza usipotosha. Nchini Ireland, mwaka 2023, vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme uliopimwa kwa mita, zaidi ya nyumba zote za mijini.