KIPUPWE: TUSIKILIZE UTABIRI, TUANGALIE NA BAHARI



Kila tunaposomesha Suratu Quraysh, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Maalim, hiyo shitaa ni miezi gani?" Sura inataja safari za Maquraysh za wakati wa baridi na wakati wa joto. Baridi ya Makka huingia Disemba, na wakati huo sisi hapa Unguja tumo katika kaskazi, jasho linatutoka. Baridi yetu ni kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti. Basi leo tuisome hiyo.

Kipupwe hutoka wapi?

Karibu na tarehe 21 Juni jua huwa limekwenda mbali kaskazini, na nusu ya kusini ya dunia hupata joto kidogo. Hewa ya baridi ni nzito. Mgandamizo wake huongezeka huko kusini mwa Bahari ya Hindi, na hewa hiyo husukumwa kuja kwetu. Huo ndio upepo wa kusi. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kama Makete na Kitulo, majani huamka yamefunikwa na sakitu. Sisi wa visiwani bahari hutupunguzia baridi, shuka moja nzito inatosha. Kinachotupasa kukiogopa zaidi ni upepo.

Utabiri husema nini?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu: baridi, mvua na upepo vitakuwa vya wastani, juu ya wastani au chini yake. Wastani ni hesabu ya miaka mingi iliyopita. Halafu kuna utabiri wa kila siku, na tahadhari maalumu kwa watu wa baharini, pale unapotazamiwa upepo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2.

Wengine huuliza: je, huku si kudai kujua ghaibu? La. Mtabiri wa hali ya hewa hupima upepo, joto na mgandamizo, kisha husema linaloelekea kutokea, na hukubali kwamba huenda lisitokee. Anayeona wingu jeusi akaanua nguo hakudai ghaibu. Ghaibu anaijua Allah peke yake.

Wazee waliangalia nini?

Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo haushiki misimu. Ndiyo maana wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu pia mwaka wa jua, Nairuzi, kwa makumi ya siku yaitwayo miongo. Kwa miongo walijua wakati wa kupanda na wakati wa pepo kugeuka. Mvuvi hadi leo huangalia mawingu ya alfajiri na rangi ya maji, na mkulima huingojea mvua ndogo ya mchoo.

Kosa tulilokaribia kulifanya

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, tulipanga kuwapeleka wanafunzi kisiwani kwa mashua. Usiku redio ikatangaza tahadhari ya mawimbi. Asubuhi tulikwenda pwani ya mjini, tukakuta maji yametulia kama ya kwenye beseni. Sisi wenyewe tukasema, "Redio imekosea." Mzee mmoja mvuvi akatuuliza, "Maalim, kusi inavuma kutoka upande gani?" Tukanyamaza. Mji wetu uko magharibi ya kisiwa, na kusi huja kutoka kusini-mashariki. Ardhi ilikuwa imetukinga. Huko nje mkondoni hakuna kinga. Tuliahirisha safari, watoto wakalia, na adhuhuri mashua zilizorudi zilikuwa zimelowa mpaka matanga.

Na tukumbuke tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Ndugu zetu wengi walipotea. Allah awarehemu.

Tumejifunza nini?

Utabiri huona eneo kubwa, lakini hauijui kila ghuba. Macho yetu huijua ghuba yetu, lakini hayaoni mkondoni. Kila kimoja kinamhitaji mwenzake. Vikipingana, shikeni kile chenye tahadhari zaidi. Safari iliyoahirishwa hufanywa kesho.

Zoezi

1. Kwa siku 30 za kipupwe, andika kila asubuhi: upepo unatoka upande gani, mawingu yakoje, mvua imenyesha au la.
2. Andika pembeni utabiri uliousikia usiku uliotangulia. Hesabu siku ulizoafikiana na ulichokiona, na siku ulizotofautiana.
3. Muulize babu, bibi au mvuvi wa mtaani kwenu dalili moja ya kusi kali. Iangalie mwenyewe kabla ya kuisadiki.
4. Eleza kwa nini pwani ya mjini huweza kutulia siku ambayo mkondoni kuna mawimbi.

Madaftari yaletwe darasani mwisho wa Agosti, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.