Nataka kuuza ng'ombe ninunue pikipiki kubwa

Shangazi, nina miaka 32, naishi Plateau, nje ya mji wa Eldoret. Nina mke, watoto wawili na Boxer 150 ya kupelekea maziwa kila alfajiri. Kuna mtu anauza BMW R 1250 GS, nami nataka kuuza ng'ombe watatu nimpe malipo ya kwanza. Mke wangu amesema nikifanya hivyo atarudi kwao. Tangu niione sipati usingizi. Nishauri.

Kijana wangu, nakuelewa. Huko kwenu ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake. Boxer yako ina nguvu farasi 12 hivi, na ukibeba mitungi unaisikia ikilia mlimani. BMW hiyo ina 136. Itapanda Timboroa bila wewe kugusa gia, na trela lililokuchelewesha utalipita mara moja. Raha hiyo ni ya kweli, wala si utoto kuitamani.

Lakini fikiria alfajiri yako. Mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha, na njia kutoka zizini hadi lami ni tope tupu. Boxer ikiteleza unashusha mguu, unaiinua, unaendelea na safari. BMW ina kilo 249 kabla hujafunga hata mtungi mmoja. Ikikulalia mguuni gizani, nani atakusikia? Tairi la Boxer lipo dukani hapo senta, na kila fundi anaijua injini yake. Spea za hiyo nyingine utaagiza Nairobi usubiri, na maziwa hayasubiri.

Halafu kuna mwendo, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Pikipiki hiyo hufikia kilomita 100 kwa saa kwa muda usiofika sekunde tano. Kwa mwendo huo unapita karibu mita 28 kila sekunde. Barabara ya Kaptagat unaijua: ng'ombe wanavuka, watoto wanaenda shule, wanariadha wanakimbia pembeni kabla jua halijachomoza. Breki nzuri haimrudishi mtoto aliyekwisha kuingia barabarani.

Kuhusu mkeo, sidhani anachukia pikipiki. Ng'ombe hao watatu ndio unga na karo ya nyumba yako, naye anaona vikiondoka pamoja. Keti naye leo jioni, mhesabu maziwa ya kila siku na madeni mliyo nayo. Ikiwa hamu haitaisha, weka akiba polepole ununue ya cc 250, iliyotumika lakini nzima, ujifunze kuiendesha vizuri kwa mwalimu. Itakufikisha Iten na Eldama Ravine Jumapili bila kugusa zizi, na Boxer ibaki ya kazi.

Kesho asubuhi mpigie muuzaji umwambie hapana, kabla hujampa hata shilingi moja ya arubuni.