Lenzi za Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Sana na Majibu Yake

Lenzi laini za siku moja huvaliwa asubuhi na kutupwa jioni. Hazihitaji kikopo cha kuhifadhia wala dawa ya kusafishia, na ndiyo maana wataalamu wengi wa macho huzipendekeza kwa anayeanza kuvaa lenzi. Faida hiyo ina sharti lake: ni lazima kweli zitupwe. Madhara makubwa ya lenzi hutokana zaidi na mambo manne, nayo ni mikono michafu, maji, usingizi, na kurudia kuvaa kilichopaswa kuwa kwenye pipa la taka.

Lenzi hizi ni kitu gani?

Ni kipande chembamba cha plastiki laini inayonyonya maji, kinachokaa juu ya utando wa machozi mbele ya jicho. Plastiki ya aina hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1950 na wanakemia wawili wa Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím. Mwishoni mwa mwaka 1961 Wichterle alitengeneza lenzi nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunda kutokana na vifaa vya kuchezea watoto. Marekani iliruhusu lenzi laini ziuzwe mwaka 1971, na zile za kutupwa kila siku zikaingia sokoni katikati ya miaka ya 1990.

Kioo cha jicho, yaani konea, hakina mishipa ya damu. Jicho likiwa wazi, konea hupata sehemu kubwa ya oksijeni yake hewani kupitia machozi. Lenzi yoyote, hata iwe bora kiasi gani, inasimama kati ya konea na hewa. Masharti mengi ya kuvaa lenzi yanatokana na hilo.

Nina karatasi ya vipimo vya miwani. Haitoshi?

Haitoshi. Miwani hukaa milimita kama 12 mbele ya jicho, ilhali lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo namba inaweza kutofautiana, hasa kwa mwenye namba kubwa. Isitoshe, lenzi ina mkunjo na kipenyo chake. Ikibana, konea hukosa hewa. Ikilegea, hutembea na kulikera jicho. Mtaalamu wa macho hupima hayo yote, huangalia kama una ukavu wa macho au mzio, kisha hukufundisha kuivaa na kuitoa mwenyewe kabla hujaondoka kliniki.

Lenzi za rangi za urembo, hata zisizo na namba, zinahitaji vipimo vilevile, kwa kuwa hatari yake kwa konea haipungui. Lenzi ni kifaa tiba. Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu. Usizinunue saluni wala kwa muuzaji asiyeuliza vipimo vyako, na usiazime za rafiki hata kwa kupiga picha ya harusi.

Nizivae vipi?

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha ikaushe kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kucha ziwe fupi.
2. Soma pakiti: tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya kila jicho. Pakiti iliyopasuka au kuvuja itupe.
3. Anza na jicho lilelile kila siku ili usichanganye kulia na kushoto.
4. Weka lenzi kwenye ncha ya kidole na uiangalie kwa ubavu. Iliyokaa sawa ina umbo la bakuli; iliyogeuka, kingo zake zimebinuka kuelekea nje. Ikiwa imechanika hata kidogo, usiivae.
5. Kwa mkono mwingine inua kope ya juu, vuta ya chini, weka lenzi juu ya jicho, tazama chini, kisha uachie kope polepole na upepese.

Lenzi ikichoma au ukaona ukungu usioisha, itoe. Ikiwa imegeuka au imeshika uchafu, isuuze kwa maji maalumu ya lenzi yaliyotoka kiwandani, au chukua mpya. Ikidondoka sakafuni au kwenye sinki, imekwisha, chukua nyingine.

Na kuzitoa?

Nawa na ukaushe mikono tena. Tazama juu, sogeza lenzi kwa kidole hadi kwenye weupe wa jicho, kisha ibane taratibu kwa nyama za vidole viwili, si kwa kucha. Ikiwa imekauka na kung'ang'ania, tia matone ya kulainisha yanayofaa kwa wavaaji wa lenzi, subiri kidogo, upepese, ndipo ujaribu tena. Kuing'oa kwa nguvu kunaweza kuichubua konea. Lenzi iliyotolewa iweke kwenye pipa la taka. Ukiitupa chooni au kwenye sinki, inakwenda na majitaka na kubaki vipande vidogo vya plastiki katika mazingira.

Kwa nini maji yanakatazwa, hata yaliyo safi?

Maji tunayokunywa hayajatakaswa kwa ajili ya jicho lenye lenzi. Ndani yake kunaweza kuwamo amiba iitwayo Acanthamoeba, inayoishi kwenye udongo, visima, mabwawa ya kuogelea, maji ya bomba na hata matangi ya majumbani. Tumboni kwa kawaida haimdhuru mtu, lakini ikipenya kwenye konea iliyochubuka kidogo huleta kidonda chenye maumivu makali, kinachotibiwa kwa miezi na kinachoweza kupofusha. Kuchemsha maji hakuyafanyi yafae lenzi, kwa sababu maji matupu huifanya lenzi laini ivimbe na kuganda juu ya jicho.

Kwa hiyo oga kabla ya kuvaa au baada ya kutoa. Usiogelee na lenzi, iwe baharini, ziwani au hotelini. Anayehitaji kuona akiwa majini aulizie miwani ya kuogelea yenye namba. Usiilowanishe kwa mate. Anayetawadha akiwa na lenzi afumbe macho anapoosha uso na kuukausha kabla ya kuyafumbua, kwani udhu hautaki maji yaingie ndani ya jicho. Maji yakiingia, toa lenzi na uitupe.

Naweza kulala nazo kidogo tu?

Hapana. Jicho likifumbwa, hewa inayoifikia konea hupungua hata bila lenzi. Ikiwamo lenzi, konea huvimba na ulinzi wake dhidi ya bakteria hudhoofika. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kinaeleza kuwa kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 6 hadi 8. Usingizi wa mchana, wa kwenye basi la mkoani au wa zamu ya usiku, wote ni usingizi. Ukijua safari ni ndefu, vaa miwani.

Zinagharimu pesa. Kwa nini nisizivae siku mbili?

Lenzi ya siku moja haikutengenezwa isafishwe. Kufikia jioni imeshika protini na mafuta ya machozi, vumbi na vijidudu. Ukiiweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi ya lenzi (saline), vijidudu hivyo havifi, kwa sababu maji hayo husuuza tu. Ukiitoa mchana, usiirudishe, fungua mpya. Ambaye bajeti yake haitoshi kuvaa kila siku anaweza kuzivaa siku za mechi, za sherehe au za kazi maalumu, na siku nyingine akavaa miwani. Hiyo ni moja ya faida za lenzi hizi. Anayezirudia ili kubana matumizi anapoteza usalama uleule alioulipia.

Vipi kuhusu wanja, manukato na jikoni?

Vaa lenzi kwanza, ndipo upake vipodozi. Jioni toa lenzi kwanza, ndipo ufute vipodozi. Wanja upakwe nje ya kope, usiingie kwenye ukingo wa ndani. Manukato na dawa za nywele za kupuliza zitangulie lenzi. Ukikata pilipili, nawa mikono zaidi ya mara moja kabla ya kugusa jicho. Ni salama zaidi kutoa lenzi kabla ya kupika. Kwenye bodaboda, shusha kioo cha helmeti au vaa miwani ya jua kuzuia vumbi.

Lenzi inaweza kupotelea nyuma ya jicho?

Haiwezi. Ngozi laini inayofunika weupe wa jicho hukunjika na kuungana na upande wa ndani wa kope, hivyo njia ya kwenda nyuma haipo. Lenzi iliyohama huwa imejikunja chini ya kope ya juu. Tia matone, fumba jicho, sugua kope taratibu ukitazama chini. Ikishindikana, nenda kliniki.

Ni lini niende hospitali?

Toa lenzi mara moja ukipata maumivu, wekundu, mwanga kukuumiza, ukungu, usaha, au doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Hali isipotulia upesi baada ya kuitoa, mwone daktari wa macho siku hiyohiyo. Doa jeupe au uoni uliopungua haungojwi hata saa moja. Nenda na pakiti ya lenzi, na lenzi yenyewe ukiwa nayo.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Tanzania na pwani ya Kenya, na watu wengi walipona bila matibabu makubwa. Mvaaji wa lenzi asidhani wekundu wake ni huohuo. Huenda ni kidonda cha konea, na kuna bakteria wanaoweza kuiharibu konea ndani ya siku moja au mbili. Usitie majani, maziwa wala matone yaliyobaki ya ndugu yako. Matone yenye steroidi yakitumiwa bila ushauri wa daktari huweza kukuza maambukizi ya fangasi.

Weka miwani yako ya kawaida karibu, pamoja na jozi moja ya lenzi kwenye mkoba, ili usilazimike kamwe kurudia iliyochakaa. Rudi kupimwa kila mwaka hata kama huna tatizo. Na siku jicho halijisikii vizuri, haliko sawa kwa kulitazama au halioni vizuri, usivae lenzi.