Somo: Barua ya Kunyimwa Zabuni



Wengi wetu hatuuzi karafuu peke yake. Yuko mwenye nazi, yuko mwenye mdalasini na iliki, yuko mwenye gari la mizigo, na wote hao hufika siku wakaomba zabuni ya kuiuzia Serikali. Sisi wenyewe tuliwahi kuomba, tukajibiwa kwa barua ya mistari miwili kwamba hatukufaulu. Tukasema ndiyo riziki, barua tukaitia sandukuni. Ilipokuja kudhihiri kwamba tuliangushwa kwa sharti ambalo halikuandikwa popote katika karatasi za zabuni, mkataba ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi na mali imekwisha kupokewa.

Kwa hiyo leo twataka kujifunza jambo hili, nasi tutatazama kwa jirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ya manunuzi ya Serikali ya mwaka 2015 imeeleza njia ya malalamiko kwa uwazi. Zanzibar ina sheria yake na siku zake. Mwenye kuomba hapa asome ya hapa.

Huko Kenya, aliyeshinda na walioshindwa huandikiwa wakati mmoja. Barua ya aliyeshindwa sharti imtaje aliyepata zabuni, tena ieleze sababu ya yeye kuikosa. Tangu hapo siku 14 zaanza kwenda. Kabla hazijaisha, mkataba hauna ruhusa kutiwa sahihi, na katika siku hizo hizo mlalamikaji aweza kupeleka shauri lake mbele ya Bodi ya Mapitio, ambayo siyo ofisi ile iliyonunua. Shauri likipokewa, ofisi huarifiwa na kazi ya zabuni husimama. Bodi nayo haiwezi kukaa nalo. Yapasa kulimaliza katika siku 21. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu katika siku 14. Lakini mkataba ukishatiwa sahihi kwa kufuata sheria, Bodi haina tena la kufanya.

Sasa mtu alalamike nini? Hapa ndipo wengi hukosea. Kusema kwamba bei yako ilikuwa ndogo kuliko ya mwenzio hakutoshi, maana huenda zabuni yako iliangushwa kabla bei haijatazamwa. Lazima uonyeshe sheria iliyovunjwa, na hasara uliyoipata kwa kuvunjwa kwake. Mfano wake ni huu: karatasi za zabuni zimetaka mtu aliyefanya kazi miaka miwili, nawe unayo mitatu, kisha kamati yakuangusha kwa kuwa huna lori lako mwenyewe. Lori halikutajwa. Sheria yasema zabuni ipimwe kwa vipimo vilivyoandikwa tu, basi hapo una hoja. Ama ukiwa ulisahau kutia sahihi fomu yako, ni heri ukae kimya. Bodi ikiona shauri ni la upuuzi au la kuchelewesha kazi tu, yaweza kulitupa na kukutoza gharama.

Kuna mtego mwingine. Pengine kosa limo katika karatasi zenyewe, mathalani sharti lililotungwa limfae mtu mmoja. Watu huliona, wakanyamaza, wakangoja matokeo. Wakishindwa ndipo wapige kelele. Siku 14 za kosa la namna hiyo huhesabiwa tangu kosa lilipotokea, wala hazingojei barua ya kushindwa.

Mwenye hoja akishinda, Bodi yaweza kuufuta uamuzi, ikaamuru zabuni zipimwe upya au kazi yote ianzwe tena. Si kwamba zabuni atapewa yeye siku ile. Mara nyingi alichoshinda ni kupimwa kwa haki.

Siku hizi barua aghalabu huja kwa kompyuta au simu. Andika siku na saa uliyoipata, na nakala ya kila karatasi uliyoipeleka uiweke pamoja nayo. Mwanachama atakayepata barua ya namna hii, asiitie sandukuni kama tulivyofanya sisi. Aje nayo ofisini siku ile ile.