Dondoo muhimu: Kulala kambini ukingoni mwa Ngorongoro

Mjini Karatu mchana unaweza kutembea na fulana. Usidanganyike. Ukishapita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, barabara inapanda msituni hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ukungu huko hulowesha kila kitu.

Nunua sweta la sufu mitumbani Karatu kabla ya kupanda. Pamba ikilowa jasho au umande hukaa na maji na kukunyonya joto. Sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, na juu kabisa kitu cha kuzuia upepo.

Baridi kali hutoka chini. Ukiwa na mablanketi mawili, moja litandike chini yako. Badili soksi kabla ya kulala, vaa mzula, kisha jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge kwa shuka na uiweke miguuni.

Jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, hata kwa dakika chache, hata likibaki makaa mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Alfajiri, kunywa uji wa moto kabla ya gari kuteremka kreta. Paa likifunguliwa, upepo hukata masikio.